Boksi la Pili la Mwanduhi

Siku ya boksi, kijiji kizima cha Mwanduhi kiliumwa. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema nesi Nancy, na hakuwa mbali na kweli. Gari la dawa lilipoonekana likikata mbuga, wanawake waliacha majembe kwenye pamba, wazee walikumbuka viuno vyao, na vijana waliokuwa wakicheza bao walianza kukohoa. Hawakuwa waongo. Walikuwa wameumwa wiki mbili nyuma, au mwezi nyuma, wakakuta kabati tupu. Sasa walikuja kuchukua dawa ya homa iliyopita na ya homa ijayo.

Mganga wa zahanati hiyo alikuwa Ndaki Machibya. Kwa cheo alikuwa mganga msaidizi wa vijijini, lakini watu walimwita daktari, na baada ya miaka kumi na tisa alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alikuwa mtu wa polepole. Alihesabu vidonge viwili viwili kwa ncha ya kisu cha siagi, akimaliza alihesabu tena.

Boksi la dawa halikufunguliwa na mtu mmoja. Ilikuwa lazima mwenyekiti wa kijiji awepo, na mjumbe wa kamati ya afya, na mganga mwenyewe. Mwenyekiti alikata mikanda ya plastiki, mjumbe alisoma orodha, mganga alihesabu, kisha wote watatu walitia sahihi mbele ya watu. Kwa miaka minne, kila mwezi, Mwanduhi ilipata maboksi mawili. Siku hiyo ya Desemba, Joakim, dereva wa gari la dawa, alishusha moja, akafunga mlango wa nyuma.

"Na jingine?" aliuliza mzee Maganga, mwenyekiti, kisu kikiwa tayari mkononi.

"Jingine halipo, mzee. Ipo karatasi."

"Karatasi tutaimeza na maji?"

Watu walicheka. Ndaki hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuisoma. Ilisema kwamba maboksi ni machache kuliko vituo, kwa hiyo mgao utafuata idadi ya wagonjwa. Kituo kinachohudumia wagonjwa elfu moja au zaidi kwa mwezi kitapata mawili. Chini ya hapo, moja. Mwanduhi, kwa mujibu wa taarifa zake yenyewe, ilihudumia wagonjwa mia sita na arobaini.

"Mia sita?" Sayi aliuliza kutoka mlangoni. Sayi alikuwa binti wa dada yake Ndaki, na mgongoni alikuwa amembeba Kija, mtoto wake wa miaka mitatu. "Mjomba, mia sita si ndiyo sisi tuliosimama hapa leo?"

Ndaki alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Alijua hasa kilichokosekana. Ndani ya kila boksi mlikuwa na ampuli kumi za kwinini ya sindano, na mtoto mmoja mwenye malaria ya degedege alihitaji mbili au tatu. Boksi moja lilikuwa watoto wanne. Masika iliyopita, katika mwezi mmoja, waliletwa watoto saba, na wa saba alikuwa Kija. Ampuli zilizomrudisha zilitoka kwenye boksi la pili. Na masika ilikuwa miezi mitatu mbele.

Watu walipoondoka na vidonge vyao, Nancy alifunga dirisha la dawa, akageuka.

"Nilikwambia, mganga."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mwaka jana, nikakwambia mwaka juzi. Ukasema mimi ni mtoto."

"Mtoto sikusema. Nilisema bado kijana."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Dawa za mwezi ziliisha siku ya kumi na tano au ya kumi na saba. Baada ya hapo Ndaki alitoka nje kila asubuhi, akasimama mbele ya foleni, akasema, "Ndugu zangu, dawa zimekwisha." Watu waliondoka. Naye alirudi ndani, akaifunga rejista ya wagonjwa bila kuandika hata mstari mmoja. Aliyemfundisha kazi, katika zahanati ya misheni kule Shishiyu, alikuwa mzee mmoja mkali aliyeitwa Marcelo, na Marcelo alikuwa na somo moja tu: andika ulichofanya, usiandike ulichotamani kufanya. Mtu aliyerudi mikono mitupu Ndaki hakumtibu. Angemwandikaje kuwa alihudumiwa? Huo ungekuwa uongo, na uongo wa rejista, Marcelo alisema, huua polepole.

Hata hivyo hakuweza kuwaacha wapotee tu. Alinunua daftari la shule lenye kurasa themanini, akapiga mistari kwa rula, na humo aliandika kila aliyerudi: siku, jina, kitongoji, anaumwa nini. Halikuwa la serikali. Lilikaa kwenye droo ya chini, pamoja na mishumaa. Sasa lilikuwa daftari la tatu.

"Tukae siku mbili," Nancy alisema. "Mimi nasoma, wewe unaandika. Tunawahamisha wote kwenye rejista."

"Miezi imeshafungwa. Nimepiga mistari miwili chini, nimetia sahihi."

"Chukua rejista mpya, uanze upya."

"Nancy, siwezi kuandika leo kwamba mwezi wa tano nilimtibu mtu ambaye mwezi wa tano nilimfukuza."

"Hukumfukuza."

"Alirudi nyumbani na homa yake. Wewe unaitaje?"

Nancy alichukua ufagio. Alikuwa binti wa mchungaji, na alijua kwamba ubishi wa namna hiyo humalizwa na Mungu peke yake.

Jumamosi Ndaki alipita gulioni. Katika ghala la zamani la chama cha msingi, ambamo pamba ililala mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao, Mudathiri alikuwa amepanga chumba kimoja, akafungua duka la dawa. Hapo zamani jambo hilo lingempeleka mtu polisi. Siku hizi kila kitu kilikuwa ruksa: kununua pamba ruksa, mtumba ruksa, kuuza klorokwini vidonge viwili viwili kwa mtu asiye na pesa ya vinne, ruksa.

Mbele ya duka palikuwa na foleni. Ndaki aliwatambua mmoja mmoja. Yule wa kikohozi cha mwezi wa tisa. Yule wa kidonda cha mguu. Wote walikuwamo kwenye daftari la droo ya chini, na hakuna hata mmoja aliyekuwamo kwenye rejista.

"Mwadila, daktari!" Mudathiri aliita. Alizaliwa Tabora, lakini salamu ya Kisukuma aliifanya sehemu ya biashara. "Umekuja kuwachukua wagonjwa wako?"

"Mwadila. Wachukue wewe, mimi nitawapa nini?"

"Usinikasirikie, mzee wangu."

"Sijakukasirikia. Nikikosa mimi na wewe usiwepo, itakuwaje?"

Akiwa amesimama pale, mama mmoja aliulizia dawa ya matone ya masikio. Mudathiri alisema hana, pole mayu. Kisha alivuta kijitabu chini ya kaunta, akaandika kitu.

"Umeandika nini?"

"Matone ya masikio."

"Si umemwambia huna?"

"Ndiyo maana naandika," Mudathiri alisema, akimshangaa. "Nilichouza nakijua, kimetoka kwenye rafu, nafasi yake naiona. Nisichokuwa nacho ndicho cha kuandika. Nikifika Mwanza nafungua hapa, najua cha kubeba. Nisipoandika waliorudi, nitajuaje?"

Ndaki alisimama muda mrefu kiasi kwamba watu walidhani anasubiri chenji. Mtu aliyefika darasa la saba, na anauza aspirini kwenye ghala la pamba, alikuwa amesema kwa maneno machache kitu ambacho yeye hakukiona kwa miaka kumi na tisa. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani moyo wake ulianza kufunguka kidogo. Kwani yeye hakuandika? Aliandika. Kila jina. Alikuwa amekosea mahali pa kuandikia tu.

Jumatatu alifunga madaftari matatu kwenye mfuko wa rambo, akapanda lori la mchele hadi Bariadi.

Aliyepanga mgao wa dawa wilayani aliitwa Mashimba, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpokea vizuri, akamtolea kiti, akamwulizia mvua. Kisha alisoma madaftari, na hakuyasoma kwa kupitisha macho. Alilamba kidole na kufungua ukurasa baada ya ukurasa, na mara moja alisimama, akasema, "Huyu Kwandu wa kitongoji cha chini amerudi mara tano."

"Mara ya sita hakuja."

"Alipona?"

"Hapana."

Mashimba alivua miwani. "Mzee Ndaki, mimi naamini kila jina lililomo humu. Nataka ulijue hilo kwanza."

Ndaki alijua basi kwamba amekosa. Mtu anayekupa hakuambii kwanza kwamba anakuamini.

"Fomu yangu ina sehemu ya wagonjwa waliohudumiwa," Mashimba aliendelea. "Waliorudi hawana sehemu. Nikiwaweka, nitawaweka wapi? Wa juu yangu atauliza, rejista iko wapi? Nimpelekee daftari la shule?"

"Wengine wameandikaje?"

Mashimba alitazama dirishani. "Kuna kituo, sikitaji, kijiji kina kaya mia mbili. Kimeleta wagonjwa elfu mbili kwa mwezi."

"Wanapata mangapi?"

"Mawili. Yangekuwepo matatu wangepata matatu."

"Na wewe unajua."

"Najua. Kama ninavyojua kuhusu wewe. Kujua kwangu hakuna sehemu kwenye fomu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake mwenyewe. "Rudi, andika kila anayefika mlangoni, apate asipate. Kuhudumiwa ni pamoja na kupimwa na kushauriwa. Baada ya miezi kumi na miwili wastani ukifika elfu moja, boksi lako linarudi. Naahidi."

"Masika ni mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Ampuli kumi tu. Nipe za kwinini peke yake, boksi sitaki."

Mashimba alimchukua mpaka stoo, akamwonyesha rafu. Kwenye rafu ya kwinini palikuwa na kibao chenye jina la dawa, na vumbi lenye alama za maboksi yaliyokuwepo. "Kilichojaa ni dawa ya macho," alisema kwa aibu. "Inaisha muda mwezi wa nne. Nikupe katoni?"

Ndaki aliichukua. Hakutaka kumwacha mwenzake na aibu.

Tangu mwezi wa kwanza alibadilika. Dawa zilipoisha hakutoka tena kusimama mbele ya foleni. Aliwaita ndani mmoja mmoja, akawapima joto, akawasikiliza kifua, akawaambia wanywe maji, akawaandika kwenye rejista: namba, jina, ugonjwa. Kwenye safu ya dawa aliandika "hakuna". Mwezi wa kwanza walifika mia nane na kumi. Mwezi wa pili, mia tisa na sabini.

"Tunapanda, mganga," Nancy alisema.

Lakini watu wana miguu yao na wana akili zao. Mwanzoni walipenda kuitwa ndani. Kisha walianza kuulizana njiani: ulipewa nini? Nimeandikwa. Na wewe? Nami nimeandikwa. Mzee Maganga, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua, alikaa kwenye kiti cha mgonjwa asubuhi moja, akamwangalia Ndaki akiandika.

"Daktari, hii kalamu yako inatibu?"

"Itatuletea boksi la pili, mwenyekiti. Mwakani."

"Mwakani. Nimetembea tangu alfajiri nije niwe namba." Aliinuka taratibu, mkono kiunoni. "Kwa Mudathiri naambiwa hamna nikiwa nimesimama barabarani, sipotezi asubuhi nzima. Nakuheshimu, lakini jina langu usiwe unalitegemea."

Naye alikuwa mwenyekiti. Walimsikia.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuja kwa nguvu, na mbu wakaja nyuma yake. Boksi lilifunguliwa tarehe mbili, mikanda ikakatwa, sahihi zikatiwa. Ampuli kumi. Ndaki aliziweka peke yake kwenye kopo la maziwa, na kila jioni alilifunua, akahesabu, ingawa alijua idadi. Mtoto wa kwanza aliletwa tarehe tano. Wa pili tarehe tisa. Wawili wengine waliletwa pamoja tarehe kumi na nne, ndugu, na baba yao alipiga magoti. Ndaki hakujua kuzuia. Kama angezuia, angemzuilia nani, na kwa ajili ya nani? Wote wanne walipona. Tarehe kumi na saba alilifunua kopo, akalitazama, akalifunika.

Tarehe ishirini na nne, saa tatu asubuhi, Sayi aliingia anakimbia, Kija akiwa mikononi, si mgongoni. Mtoto alikuwa amekaza, macho yamegeuka juu. Nyuma yake mume wake alikuwa anaegemeza baiskeli ukutani, matope mpaka magotini.

"Mjomba, kama mwaka jana. Ileile. Mpe ile sindano."

Nancy alikuwa ameshalowesha kanga. Walimlaza, wakamvua, wakampangusa. Ndaki alisaga klorokwini, akajaribu kijiko, lakini meno yalikuwa yamefungana.

"Mjomba, sindano."

"Zimekwisha, Sayi."

"Tazama tena."

Alikwenda kutazama. Alilifunua kopo mbele yake ili aone mwenyewe.

"Tumepita kwa Mudathiri," mume wake alisema. "Amesema za sindano haruhusiwi kuweka. Amesema daktari anazo."

"Mpelekeni Bariadi. Sasa hivi. Naandika barua."

"Mto umejaa tangu jana, mjomba."

"Upande wa juu, kwenye mawe, watu wanavuka."

Akiandika barua ya rufaa, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rejista pia. Namba mia sita na kumi na mbili. Kija, miaka mitatu, malaria kali. Sayi alimwona.

"Unaandika nini?"

"Jina lake."

"Na hapo pembeni?"

Ndaki alikunja barua ya rufaa. Sayi alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, alisoma mwenyewe: hakuna. Alimchukua mtoto, akakaa nyuma ya baiskeli, wakaondoka.

Walifika kwenye mawe na hawakuvuka. Kabla ya saa sita baiskeli ilirudi, ikisukumwa, Sayi akitembea pembeni. Watu waliokuwa shambani walisimama bila kuambiwa.

Walimzika kesho yake. Ndaki alichimba na wengine mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakuna aliyemlaumu, na angependa walau mmoja athubutu.

Mwezi ulipofungwa, Nancy alijumlisha mara mbili. Mia sita na thelathini na nane. Mwezi wa nne ulikuwa chini zaidi, mia tatu na wawili, na katoni ya dawa ya macho ikaisha muda wake, wakaizika nyuma ya choo, mwenyekiti na mjumbe wakishuhudia kama ilivyotakiwa, wakatia sahihi.

"Kwa hesabu hii," Nancy alisema, "miezi iliyobaki inabidi waje elfu moja na mia moja na sitini kila mwezi."

"Nani atakuja?"

"Wamesikia huna."

"Wamesikia kweli."

Angeweza kuandika. Usiku huo, na usiku mwingine mwingi, alifikiria kile kituo cha kaya mia mbili, na hakuweza tena kuwahukumu. Huenda mganga wa huko naye alikuwa na kopo lake la maziwa. Lakini kila alipoishika kalamu kutaka kuandika jina la mtu ambaye hakuja, jina lililomjia lilikuwa moja tu, na hilo lilikuwa limeshaandikwa.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa tano, tarehe ambayo kabati bado lilikuwa tupu kwa sababu gari lilikuwa limekwama njiani, alifungua mlango, hakukuta foleni. Benchi la nje lilikuwa na mtu mmoja. Alikuwa Sayi, amejifunga kanga mbili, mikono magotini.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mwanangu. Ingia ndani, kuna baridi."

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Ndaki alimgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Alimtazama macho, ulimi, akamsikiliza kifua. Moyo ulikuwa unapiga kama kawaida.

"Unaumwa wapi?"

"Niandike tu, mjomba. Nancy ameniambia mnapungukiwa watu."

"Sayi, siwezi kumwandika mtu asiyeumwa."

Sayi alimtazama. Hakulia. Kwenye chumba cha pili Nancy aliacha kufagia.

Ndaki aliivuta rejista, akatafuta kalamu. Aliandika namba ya kwanza ya siku hiyo. Aliandika jina. Kwenye safu ya ugonjwa alisita, kisha akaandika kwa herufi ndogo alichokiona, neno moja: huzuni. Alihamisha kalamu kwenye safu ya mwisho, ile ya dawa, na pale hakusita.

"Umeshaandika?"

"Nimeshaandika."

"Basi kesho nitakuja tena," Sayi alisema, akasimama, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Ndaki alibaki na rejista wazi mpaka saa sita, wino umeshakauka, na hakuja mtu mwingine.